Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeyapandisha magurudumu juu ya hewa

JINA Dunlop limechapishwa ubavuni mwa matairi kwa zaidi ya karne moja, hata wengi wamesahau kwamba lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la bidhaa. John Boyd Dunlop hakusomea uhandisi, wala hakuingia katika biashara ya mpira hadi alipokaribia umri wa miaka 50. Kazi yake ilikuwa kutibu mifugo, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii katika jiji la Belfast nchini Ireland.

Maisha yake yana mafunzo hata kwa dereva wa leo. Wakenya walio na jamaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, au kule Kanada, huenda wamewahi kusimuliwa kisa cha aina hii. Mtu anaamka asubuhi ya Januari na kuikuta pikapu yake imefunikwa na theluji. Anapowasha injini, taa ndogo ya manjano inamwonya kwamba matairi yamepungukiwa na upepo. Anashuka na kuyachunguza yote manne, lakini haoni msumari wala pancha. Jana jioni yalikuwa sawa. Upepo umekwenda wapi? Na je, anapoongeza, aongeze kiasi gani?

Swali hilo la kiasi gani lisingekuwepo iwapo Dunlop hangefanya majaribio yake katika ua wa nyumba yake mwaka wa 1887. Kabla ya hapo, karibu kila gurudumu barabarani lilikuwa la mti, chuma au mpira mgumu, na hakuna aliyehitaji kupima chochote ndani yake.

Mwana wa mkulima

Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire, magharibi mwa Scotland. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Tangu utotoni aliamini kwamba alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati na kwamba kwa sababu hiyo mwili wake ulikuwa dhaifu. Aliishi kwa tahadhari kubwa, akiepuka kujichosha kupita kiasi. Ajabu ni kwamba hakupatwa na ugonjwa wowote mkubwa hadi uzeeni kabisa.

Alisomea udaktari wa mifugo jijini Edinburgh, akafanya kazi hiyo Scotland kwa karibu miaka kumi, kisha mwaka wa 1867 akavuka bahari na kuhamia Ireland. Alianzia Downpatrick, ambako alishirikiana na nduguye James, na baadaye akafungua zahanati ya mifugo Belfast. Kufikia katikati ya miaka ya 1880, zahanati hiyo ilihesabiwa miongoni mwa zile kubwa zaidi za aina yake nchini Ireland.

Farasi walikuwa ndio injini za jiji wakati huo. Walivuta mikokoteni ya mizigo, magari ya abiria na mashine za mashambani. Barabara za Belfast zilikuwa zimetandikwa mawe, na magurudumu yaliyozungushiwa chuma yalizipiga kwa kishindo kuanzia asubuhi hadi jioni. Aliyesafiri juu ya magurudumu hayo aliusikia mtikisiko katika mifupa yake, naye mnyama aliyeyavuta alitumia sehemu ya nguvu zake kupambana na kila jiwe.

Majaribio uani

Aliyemsukuma Dunlop kutafuta dawa ya mtikisiko huo alikuwa mwanawe mdogo, Johnny. Mtoto huyo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, nayo ilimtikisa vibaya alipoiendesha juu ya mawe ya mjini.

Mnamo Oktoba 1887, Dunlop alichukua karatasi nyembamba ya mpira, akaikunja na kuigundisha iwe tyubu, akaizungushia kwenye kisahani cha mti na kuifunika kwa kitambaa ili isipasuke. Kisha akaijaza upepo kwa pampu ya mpira wa kandanda.

Alilinganisha gurudumu lake na gurudumu la kawaida la baiskeli ya mwanawe kwa njia rahisi ambayo mtu yeyote angeielewa. Aliyabingirisha yote mawili uani. Gurudumu la kawaida lilikwenda kidogo, likayumba na kuanguka. Lile la upepo lilivuka ua mzima, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Jaribio hilo fupi lilidhihirisha jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii hadi leo. Kinachobeba mzigo katika tairi ni hewa. Mpira na nyuzi zilizomo ndani yake ni chombo cha kuizuia hewa hiyo isitoroke, na pia ngozi ya kushika barabara. Hewa iliyobanwa inapokutana na jiwe, hubonyea mahali hapo pekee, halafu hurudi. Gurudumu hulipita jiwe bila ya kulazimika kuliruka, na nguvu ambayo ingepotea katika mtikisiko hubaki kulisukuma mbele.

Mwezi Februari 1888, Johnny aliipanda baiskeli yake ikiwa na matairi mapya. Mwaka uo huo Dunlop alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi dhidi ya wanaotaka kuiga kazi yake.

Kutoka kicheko hadi ushindi

Waendeshaji baiskeli wa wakati huo walikuwa watu wa madaha, na matairi manene ya Dunlop yaliwachekesha. Kicheko hicho kiliisha Mei 18, 1889, pale Willie Hume, nahodha wa chama kimoja cha waendeshaji baiskeli mjini Belfast, alipoingia mashindanoni akiwa na matairi ya upepo. Alishinda mbio zote nne alizoshiriki. Alipokwenda Liverpool, nchini Uingereza, akawashangaza watu huko pia.

Miongoni mwa walioshindwa walikuwemo wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin aliyekuwa kiongozi wa chama cha waendeshaji baiskeli wa Ireland. Du Cros hakupoteza muda kulalamika. Alimtafuta mwenye uvumbuzi huo, na kabla ya mwaka wa 1889 kumalizika kampuni ya kutengeneza matairi ikawa imeanzishwa Dublin. Dunlop aliikabidhi hataza yake, naye akapewa hisa.

Hapo ndipo pigo lilipomfikia. Mwaka wa 1890 alijulishwa kwamba hataza yake haikuwa na nguvu ya kisheria, kwa sababu uvumbuzi huo ulikuwa umesajiliwa zamani. Robert William Thomson, Mscotland mwenzake aliyezaliwa Stonehaven mwaka wa 1822, alikuwa amepata hataza ya gurudumu la hewa mwaka wa 1845, wakati Dunlop alipokuwa mtoto wa miaka mitano. Thomson alikuwa ameyafunga matairi yake kwenye magari ya farasi jijini London, na yakafanya kazi vizuri. Hata hivyo, yalikuwa ghali, na baiskeli ambazo zingeyahitaji hazikuwa zimeenea. Uvumbuzi wake ukasahaulika, naye akafariki mwaka wa 1873.

Pigo hilo lingeweza kuiangusha kampuni changa. Du Cros aliinusuru kwa kununua haki za uvumbuzi mwingine, hasa njia za kulishikiza tairi kwenye rimu ili liweze kutolewa na kurudishwa kwa urahisi. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha kulikuwa kazi ya kuchosha. Valvu nazo ziliboreshwa. Ile inayoonekana kwenye magurudumu ya magari mengi ya leo ilitokana na kazi ya familia ya Schrader ya Marekani, iliyopata hataza yake mwaka wa 1893. Kwa valvu hizo, dereva aliweza kuongeza, kupunguza na kupima upepo bila kulivua tairi.

Hivyo basi, tairi tunalolijua halikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Thomson alitangulia, Dunlop akalifanya litumike, na wengine wakalirekebisha hadi likaweza kutunzwa na mtu wa kawaida.

Jina lililobaki, mwenyewe akaondoka

Dunlop hakuyapenda mambo ya kampuni kubwa. Alijiondoa mwaka wa 1895 na kuuza sehemu kubwa ya hisa zake. Mwaka mmoja baadaye, kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3, na mnunuzi akaiuza kwa umma kwa pauni milioni 5. Utajiri huo ulimpita kando yule ambaye jina lake lilikuwa ndilo mali yenyewe.

Katika mwaka huo wa 1895 alipokuwa akiondoka, ndugu wa Kifaransa wa familia ya Michelin waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Lilipata pancha mara nyingi, lakini lilithibitisha kwamba hewa inaweza kubeba gari zima. Kutoka baiskeli ya mtoto hadi gari, miaka minane tu ilikuwa imepita.

Dunlop alikaa Dublin, akajihusisha na biashara ya duka la nguo. Sura yake yenye ndevu ndefu iliendelea kutumika katika matangazo. Kuna wakati kampuni ilimchora katika mavazi ya mtanashati anayejipenda kupita kiasi, jambo lililomchukiza mzee aliyeishi maisha ya staha. Alikwenda mahakamani Ireland kulipinga, na kesi hiyo ikafika hadi mbele ya majaji wa Bunge la Malodi jijini London.

Mnamo Oktoba 1921, mzee huyo aliyejihadhari na maradhi maisha yake yote alishikwa na baridi. Akafariki ghafla Oktoba 23 nyumbani kwake Ballsbridge, Dublin, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Deans Grange. Miongo mingi baadaye, benki moja ya Ireland ya Kaskazini iliichapisha sura yake kwenye noti ya pauni 10.

Baridi na upepo wa tairi

Dunlop hakuishi kuona tairi la majira ya baridi. Lile la kwanza lililobuniwa mahususi kwa theluji lilitolewa mwaka wa 1934 na kampuni ya Suomen Gummitehdas ya Finland, kwa ajili ya malori. Miaka miwili baadaye likafuatwa na la magari madogo. Tairi la aina hiyo lina mpira usiokakamaa haraka kwenye baridi, na meno yenye mikato mingi ya kuiuma theluji. Lakini ubora huo wote huitegemea ile hewa ya Dunlop. Ikipungua, meno hayakanyagi jinsi yalivyokusudiwa. Ikizidi, katikati ya tairi pekee ndipo hugusa barabara.

Sasa tunaweza kumjibu yule dereva wa pikapu aliyekosa kuona msumari. Upepo wake haukwenda popote. Mwanzoni mwa karne ya 18, Mfaransa Guillaume Amontons alionyesha kwamba msukumo wa hewa iliyofungiwa hupanda na kushuka pamoja na joto lake. Katika tairi la gari, kila joto linaposhuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, kipimo hupungua kwa karibu PSI 1, yaani pauni moja kwa kila inchi ya mraba. Tairi lililojazwa PSI 35 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 litasoma kama PSI 30 baada ya kulala nje kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sufuri. Hewa ni ile ile, ila imenywea.

Kwa sababu hiyo, kipimo sahihi ni kile kinachosomwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari kuanza au baada ya gari kusimama kwa muda wa saa tatu hivi. Anayejaza upepo ndani ya gereji yenye joto inambidi aifikirie tofauti ya baridi iliyo nje na kuongeza kiasi hicho, mathalani PSI 5 katika mfano wetu. Naye anayepima akiwa njiani, matairi yakiwa yamepata moto, asipunguze kitu hata akiona namba imepanda. Yatakapopoa, yatakuwa na upungufu.

Namba ya kufuata hupatikana kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Ile iliyochapishwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, nayo haisemi gari hilo linahitaji upepo kiasi gani. Makosa ya kuchanganya namba hizi mbili ni ya kawaida mno, na kwenye barafu yanaweza kugharimu maisha.

Pikapu ina ugumu wake wa pekee. Ikiwa tupu, uzito mwingi huwa mbele, penye injini, na nyuma hubaki nyepesi. Matairi ya nyuma yaliyojazwa upepo wa mzigo mzito hurukaruka na kuteleza kwenye barafu gari likiwa halina kitu. Ikipakiwa, mambo hugeuka, na tairi lenye upepo mdogo hukunjika kupita kiasi, likapata moto ndani na kuharibika hata kama nje kuna theluji. Ndiyo maana vibandiko vya pikapu mara nyingi huwa na namba moja ya mbele na nyingine ya nyuma, na vingine hutofautisha mzigo mwepesi na ule kamili. Wako madereva wanaoweka mifuko ya mchanga nyuma ili gari lishike barabara. Mifuko hiyo nayo ni mzigo, na lazima ihesabiwe.

Endapo matairi ya majira ya baridi yaliyofungwa yana saizi tofauti na yale ya kiwandani, au ni ya aina ya magari ya mizigo, kibandiko pekee hakitoshi. Tairi la mizigo huhitaji upepo zaidi ili libebe uzito ule ule. Fundi anayeijua kazi yake atatazama jedwali la watengenezaji wa tairi na kutafuta kipimo kinacholingana na uwezo wa matairi ya awali. Mteja ana haki ya kumwomba amwonyeshe jedwali hilo.

Kuna pia imani iliyoenea kwamba kupunguza upepo husaidia kwenye theluji. Imani hii ina chembe ya ukweli. Gari lililonasa katika theluji nzito, nje ya barabara, linaweza kujinasua tairi likilegezwa kidogo na mwendo ukiwa wa pole sana, mradi dereva ana pampu ya kulijaza tena kabla ya kurudi barabarani. Katika barabara kuu, tairi lililolegea huufanya usukani kuwa mzito na mvivu kuitikia, na mifereji ya kutolea maji na theluji huminyika.

Huku kwetu hakuna theluji barabarani, lakini kanuni ya mzigo haibadiliki. Pikapu inayoteremka kutoka Kinangop ikiwa imejaa magunia ya viazi hubebwa na hewa ile ile, na kibandiko chake kiko pale pale mlangoni.

Dunlop alinyang'anywa heshima ya kuwa wa kwanza, akaukosa utajiri uliotokana na jina lake, na mwishoni hata sura yake mwenyewe ikabidi aipiganie mahakamani. Kilichobaki ni kile alichokionyesha uani kwake, kwamba mzigo wote hukaa juu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa hakionekani, hakuna haja ya kukikisia kwa kulipiga tairi teke. Geji ndogo ya mkononi, ikitumiwa asubuhi kabla ya injini kuwashwa, itasema ukweli kwa muda usiozidi dakika tano.